Ndeke ya Papa Iliyokataa Kuwaka

Majuzi, asubuhi moja ya baridi ya kiangazi, jenereta ya jirani yangu ilikataa kuwaka. Fundi kijana alivuta kamba, akapumzika, akavuta tena, kisha akatoa kopo la kupulizia na kuipulizia mashine mdomoni. Ikanguruma mara moja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikianika nguo, na ile harufu ilipovuka ukuta niliacha shati lidondoke ndani ya beseni. Ilikuwa eta, ile dawa ya zamani ya kulazia wagonjwa. Ni harufu tamu yenye ubaridi, inayopanda puani na kubaki kooni hata baada ya kumeza mate. Fundi alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu tu.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni kwa muda mrefu. Nguo zilibaki kwenye beseni na mimi nikawa tena mtoto wa Panda, kambi ya wafanyakazi wa shaba pale Likasi, wakati wa sirene, king'ora cha kampuni. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Ilituamsha, ikatupeleka masomoni, ikatuambia baba zetu wanatoka kazini. Ulikuwa wakati ule ambapo baba wote, kwa amri ya serikali, waligeuka kuwa sitwayeni, yaani wananchi, na majina yetu ya ubatizo yakabaki ya kuitana nyumbani tu, kwa sauti ndogo.

Mama alikuwa ameenda hospitali na tumbo kubwa. Mimi niliambiwa nitaletewa mdogo wangu, na nilikuwa nimeshamtengea upande wa mkeka wangu, ule wa ukutani, asianguke. Baada ya siku kadhaa Mama alirudi akitembea polepole, ameshikwa mkono na mamake aliyekuja kutoka Kambove kumsaidia. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Tumbo la Mama lilikuwa limeisha na mikono yake ilikuwa mitupu. Nilipomkumbatia kiunoni alishtuka kwa maumivu, na nguo zake zilinuka ile harufu. Sikujua jina lake. Niliiita harufu ya hospitali.

"Mutoto iko wapi?" niliuliza.

Kambo alinivuta pembeni, nyuma ya mlango. "Mutoto alirudia kule juu," aliniambia. "Usimuulize mama yako. Usimuulize mutu."

Nilitazama juu. Kulikuwa na dari la mbao tu, na doa la maji ya mvua. Nilipotoka nje nikatazama tena, na huko kulikuwa na moshi wa bomba la kiwanda ukipanda mpaka unapotelea kwenye mbingu nyeupe. Nikafikiri, huko basi.

Mengine niliyajua nikiwa mtu mzima. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni na saa zilikuwa zimepita sana. Walimlaza Mama kwa dawa wampasue, na alipoamka kila kitu kilikuwa kimekwisha, hata maziko. Papa na wanaume wawili wa kambi walikuwa wameshamzika mtoto. Lakini wakati ule hakuna aliyesema neno ndani ya nyumba yetu. Mama alikaa kitandani akitazama ukuta. Kambo alipika bukari, ugali wetu, akafua, akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Papa alikwenda kazini kwa sirene na kurudi kwa sirene. Alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya kampuni, mtu ambaye hata kabla ya msiba alitumia maneno kama anayakopa.

Juma lililofuata Papa alipanda kwenye kiti na kushusha kutoka juu ya kabati kisanduku cha bati cha biskuti. Alikuwa ameachiwa na Mbelgiji mmoja aliyewahi kuwa mkubwa wa karakana, mtu aliyekuwa akirusha ndege ndogo za kuchezea siku za Jumapili kwenye uwanja wa kambi. Siku alipofunga mizigo kurudi kwao, alimpa Papa kile kisanduku. Kilikuwa juu ya kabati tangu nilipopata akili. Ndani yake mlikuwa na injini isiyozidi ukubwa wa yai la kuku, panga lake la kupepea la mbao, tangi dogo la bati na kibao kilichozungushiwa waya mwembamba.

Papa akaanza kujenga. Alileta mbao nyembamba za masanduku yaliyosafirishia mashine, akazikata kwa kisu na kuzilainisha kwa kipande cha chupa. Akafanya mbavu za mabawa, akazifunika kwa karatasi, akapaka vanishi mpaka karatasi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kazi yote hiyo aliifanya kwenye meza nyuma ya jikoni, kila alipotoka kazini, hadi mwanga ulipokwisha. Mimi nilikaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa na kutazama.

Sisi watu wa Katanga hatusemi ndege, tunasema ndeke, na ndeke ni yule wa kwenye mti na yule wa kiwanja cha ndege, wote wawili. Kambo alikuwa ameniambia mtoto yuko juu. Papa hakusema lolote, ila mara tu baada ya Mama kurudi mikono mitupu alikuwa anatengeneza ndeke. Kwa mtoto wa umri wangu hesabu hiyo ilikuwa nyepesi sana. Papa alikuwa anatengeneza kitu cha kwenda kumchukua.

"Papa," nilimuuliza, "ndeke hii itafika juu sana?"

"Itafika, kama injini inakubali."

"Na itarudi?"

"Lazima irudi. Ndeke yenye hairudi, ile njo hasara yenyewe."

Hilo lilinipa moyo. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. "Inaweza kubeba mutu?"

Papa aliacha kusugua ubao akanitazama. "Hata panya haiwezi," alisema.

Nililala na fumbo hilo. Kesho yake, katika mafundisho ya komunyo, mwalimu wetu wa katekisimu alituambia kwamba roho haina uzito. Nilirudi nyumbani nikikimbia kwa furaha.

Injini ile ilikula vitu vitatu. Cha kwanza ni petroli, ndivyo tunavyoita mafuta ya taa, yale yale ya jikoni. Cha pili ni mafuta ya mbarika, ambayo watoto wote wa kambi tuliyajua na kuyachukia, kwa kuwa tulinyweshwa likizo ilipokaribia kuisha, kusafisha matumbo. Cha tatu ni eta, ambayo Papa aliipata kwa rafiki yake muuguzi; aliniambia huwalaza wagonjwa hospitalini. Aliileta katika chupa ya kahawia, akachanganya vyote vitatu humo, akaziba kwa kizibo cha mti na kuiweka stoo, chumba kidogo cha bati kilichoegemea jikoni. Alipofungua chupa mara ya kwanza nilitambua harufu ya Mama. Nilimwona Mama naye, kupitia dirishani, kitandani, akigeuza uso kutoka ukutani.

Nikaelewa kwamba injini nayo ilikuwa mgonjwa, na kwamba ilipewa dawa za watu: mafuta ya tumbo na dawa ya usingizi. Kitu kimoja tu sikukielewa. Kama eta ilimlaza Mama, iweje iamshe injini?

Jumamosi mchana Papa aliifunga injini kwenye ubao, na ubao kwenye meza. Papa Kapya, jirani yetu, aliyeendesha treni ya mawe ya shaba kutoka Kambove, alikuja kutazama akiwa bado na vumbi la njiani. Papa alifungua kidogo sindano ya kupitishia mafuta, akakaza skrubu ya juu inayobana pumzi ya injini, akaziba tundu la hewa kwa kidole ili ivute mafuta, kisha akaligonga panga kwa kidole cha shahada. Mara ya pili au ya tatu ikashika. Ilitoa sauti kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Kuku walikimbilia kwa majirani. Moshi wa buluu ulitanda uani, na Papa, ambaye sikumbuki kumwona akicheka tangu msiba, alitabasamu huku amekunja uso kwa sababu ya kelele. Mama alitokea kwenye mlango wa jikoni, ameegemea fremu. Alitazama mpaka injini ilipozima, halafu akarudi ndani.

Kesho yake waliipeleka ndeke nzima uwanjani. Injini ilikataa. Papa aligonga panga mpaka mikono yote miwili ikachoka. Ilikohoa, ikatoa pumzi moja ya moshi, ikanyamaza. Mwishowe injini ilizunguka kinyumenyume na panga likampasua kidole, tukarudi nyumbani, Papa Kapya amebeba ndeke na Papa amefunga mkono kwa kitambaa.

Hivyo ndivyo kiangazi kile kilivyokwenda. Papa aliifungua injini juu ya gazeti, akaosha vipande vyake kwa petroli, akavipanga kama mifupa ya samaki. Akapuliza bomba la mafuta, akabadilisha bomba. Akachonga upya kipande cha kuzungushia panga. Akachanganya mafuta mapya, akajaribu uani, ikawaka kwa mguso mmoja. Akasema, basi ilikuwa bomba. Siku mbili baadaye ikakataa tena. Akafikiri ni uchafu ndani ya tangi. Akalipasua tangi na kulilehemu upya, akachanganya mafuta, ikawaka. Basi lilikuwa tangi. Jumapili ikakataa. Akafikiri ni baridi ya asubuhi, akaipasha moto juani na kwenye mkaa. Kila alipopata dawa, dawa ilifanya kazi siku moja, kisha ugonjwa ukarudi.

Niliona jinsi jambo lile lilivyomla. Kazini alichonga vyuma kwa vipimo ambavyo jicho halivioni, na nyumbani alishindwa na kitu cha kutosha kiganjani. Jioni moja nilimkuta ameshika injini bila kufanya chochote, akiitazama mikono yake.

"Kapya," alimwambia jirani, "zamani mikono yangu ilikuwa inajua."

Papa Kapya alikuna kidevu. "Iko mutu ana jicho mubaya juu ya hii mashine," alisema. "Angalia muzuri. Pengine iko karibu."

Kambo alisikia akiwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Jicho mubaya nini?" alisema. "Mutu anazika mutoto, kiisha anacheza kandeke. Mashine yenyewe inasikia haya."

Kambo hakuwa mkali kwa asili. Wakati ule binti yake alikuwa anakonda mbele ya macho yake. Mama alikuwa anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Alikuwa haendi tena kuimba kanisani. Mara nyingine nilimwita na yeye akaitika baada ya muda, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mbali.

Siku moja, tukiwa tunakula, Kambo aliweka wazi alichokuwa anakifikiri. "Mwisho wa mwezi nitarudi Kambove," alimwambia Papa. "Nitaenda naye. Na huyu mudogo pia. Hapa mutoto wangu atakauka."

"Yeye mwenyewe anasema nini?" Papa aliuliza.

Wote walimtazama Mama. Alikuwa akifinyanga tonge la bukari bila kulipeleka mdomoni.

"Sijui," alisema.

Papa aliinama kwenye sahani yake. Mimi nilishikwa na hofu. Kama tungekwenda Kambove kabla injini haijapona, ndeke ingemleta mtoto Panda na kukuta nyumba haina mama. Usiku ule niliiombea injini rozari nzima.

Siku chache baada ya hapo umeme ulikatika kiwandani, na watu wa karakana wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Mimi nilikuwa natoka masomoni. Nilimwona Papa barabarani, akanibebea mkoba wangu, tukatembea kimya tukifuata kivuli cha miti ya jakaranda. Nyumbani kulikuwa kimya vile vile. Kambo alikuwa amelala usingizi wa mchana. Papa alipitia nyuma kuweka vyombo vyake stoo, nami nikawa nyuma yake, na alipofungua mlango wa bati alisimama.

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Chupa ya kahawia ilikuwa katikati ya magoti yake, kizibo mkononi, na uso wake ulikuwa umeinama juu ya mdomo wa chupa, macho yamefumbwa. Stoo nzima ilikuwa na joto la bati na ile harufu. Nilidhani anakunywa petroli ya ndeke.

"Mama Numbi," Papa alisema taratibu. Numbi ndilo jina langu. "Unafanya nini?"

Mama alifumbua macho. Hakushtuka. "Nasikia harufu tu."

"Toka wakati gani?"

"Toka siku uliileta. Kila siku kidogo, wakati mama yangu analala."

"Ni mubaya ku kichwa."

"Najua. Sivute mingi. Nafungua tu, nakaa karibu."

Papa aliweka mkoba wangu chini. "Juu ya nini unafanya vile?"

Mama alizungusha kizibo vidoleni. Alipoanza kusema, alimwambia Papa ila macho yalikuwa kwenye chupa.

"Kule ku hospitali, balinifunika kitambaa ku pua. Mutoto angali anacheza mu tumbo. Nilimusikia anapiga muguu, hapa. Kiisha harufu hii, kiisha bure. Wakati niliamuka hapakukuwa tena kitu." Akavuta pumzi. "Harufu hii njo mwisho miye nilikuwa naye."

Papa aliinama, akachukua chupa kutoka magotini mwake kwa mikono miwili, akatoka nayo mpaka kizingitini na kuiinua kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya alama aliyoichora. Aliyatikisa, akanusa, akakaa akifikiri. Niliona fikra ikifika usoni mwake kama mtu anayefika kutoka safarini.

"Eta inaruka," alisema.

"Nini?"

"Eta. Ukifungua chupa inaruka yenyewe, inapotea mu hewa. Na humu mu bati iko moto. Inabakia petroli na mafuta tu. Na petroli na mafuta, peke yake, haiwashe ile injini."

Mama alielewa, akaweka mkono mdomoni. "Basi ni miye nilikuwa naharibu ndeke yako. Siku zote hizi."

"Hapana," Papa alisema. Akakaa chini sakafuni na ovaroli yake ya kazi, mgongo kwenye mlango. "Injini iko muzima. Haikuwa na ugonjwa hata siku moya." Halafu akacheka, kicheko kidogo kilichoishia vibaya, na akafuta uso kwa kiwiko. "Nilikuwa nafikiri mikono yangu njo ilikufa."

Mimi, pale mlangoni, nilishika neno moja tu. Eta inaruka. Inakwenda juu yenyewe, bila mabawa na bila panga. Nikaelewa kwa namna yangu kwamba Mama hakutaka kusubiri ndeke. Kila mchana, Kambo akilala, alikuwa anamtumia mtoto harufu yake, apate kuitambua.

Papa aliziba chupa, na badala ya kuiweka juu ya rafu alimrudishia Mama mkononi. "Dimanche, baada ya misa, Kapya iko ku kazi," alisema. "Sina mutu wa kushika ndeke."

Mama aliitazama chupa. "Inashikwa namna gani?"

Papa akamwonyesha kwa mikono, hewani, mahali ambapo mkia ungekuwa.

Jumapili baada ya misa walichanganya mafuta mapya kwenye meza ya nyuma. Mama ndiye aliyepima kwa glasi, Papa akimwambia kiasi, na kila alipomimina eta aliziba chupa haraka kwa kiganja. Kambo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mbele na kikapu chake, akikunja nguo za safari. Tulipopita mbele yake alitazama ndeke mikononi mwa binti yake, akaikunjua nguo aliyoshika na kuikunja tena.

Uwanja ulikuwa mkavu, majani yameungua, mistari ya chokaa ya mpira wa miguu imefifia chini ya vumbi. Papa alitandaza nyaya zake mbili, akaweka mpini wa mbao wa kuzishikia katikati ya uwanja, akarudi kwenye ndeke. Mama alipiga magoti nyuma yake na kushika mkia. Papa akaziba tundu kwa kidole, akageuza panga, akagonga. Kimya. Akagonga tena, na injini ikashika, ikapiga yowe, upepo wake ukapeperusha kitambaa cha kichwani cha Mama na moshi ukamwingia machoni. Hakuachia. Papa alisikiliza, akageuza sindano kidogo mpaka yowe likawa safi, kisha akakimbia mpaka katikati, akashika mpini na kuinua mkono wa kushoto.

Mama akaachia.

Ndeke ilikimbia juu ya vumbi, ikaruka. Mimi nilikuwa nimeshainua uso wangu mbinguni, niione ikipotea. Nilisubiri. Sauti ilikwenda nyuma yangu, ikarudi mbele, ikaenda tena nyuma. Niliposhusha macho niliiona inazunguka, kimo cha nyumba, inazunguka tu, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Na katikati alisimama Papa akigeuka nayo, na kati yao nyaya mbili zikimeta juani. Nilikuwa nimeziona nyaya zile mezani majuma yote. Sikuwahi kujiuliza ni za nini.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Mama alikuja akichechemea kidogo, bado kovu lilimuuma, akachuchumaa mbele yangu.

"Unalia nini? Inaruka muzuri."

"Imefungwa," nilisema. "Papa aliifunga. Haitafika kule mutoto iko."

Mama alibaki akinitazama. Kelele ya injini ilipita juu yetu.

"We ulifikiri inaenda kumuchukua?"

Niliitikia kwa kichwa. Hakunicheka wala hakunikatalia. Alinifuta uso kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, kama zamani, halafu akageuka kumtazama Papa aliyekuwa anazunguka na kuzunguka pale katikati na ndeke yake.

Mafuta yakaisha. Ile sauti ilikatika ghafla, ndeke ikashuka yenyewe, ikaruka ruka juu ya majani na kutulia. Papa alipepesuka hatua chache kwa kizunguzungu, akakaa chini pale pale. Mama alinishika mkono tukamwendea.

"Numbi alifikiri ndeke itamuleta mutoto," alimwambia.

Papa aliangalia mpini mkononi mwake. "Hata miye," alisema, "sijue nilikuwa nafikiri nini."

Mama akakaa karibu naye, miguu ameinyoosha vumbini na nguo zake za misa. Nilidhani atanyamaza kama kawaida yake ya siku zile. Lakini akasema, bila kumtazama, "We ulimuona."

"Ndiyo."

"Hakuna mutu ananiambia kitu. Bote banasema, sahau. Niambie."

Papa alianza kuzungushia waya kwenye kibao. Alizungusha polepole, na maneno yakatoka kwa mwendo ule ule wa mkono.

"Alikuwa mukubwa. Mikono yangu miwili haikutosha. Nywele mingi, nyeusi sana, zingali na maji."

"Alilia?"

"Hapana. Hakulia. Uso ulikuwa sawa ya mutu anayelala, hakuwa na kilio hata kidogo."

"Ulimufunika na nini?"

"Shati yangu. Ile ya misa. Nilimufunga kifungo mpaka juu."

Mama aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na Papa akaacha waya, akaweka mkono wake wenye kidole kilichofungwa mgongoni mwake. Baada ya muda Mama akauliza tena, kwa sauti iliyokwaruza, "Sura ya nani?"

"Pua yangu. Lakini masikio, aya masikio hayakutoka kwetu. Makubwa, yamesimama hivi. Masikio ya baba yako."

Mama aliinua uso, machozi yakiteremka, na kitu kama tabasamu kikapita. Mpaka saa ile mdogo wangu alikuwa kwangu ni mahali tu, kule juu, panapofikika au pasipofikika. Pale uwanjani alikuwa mtu mwenye nywele, mwenye shati, na masikio yaliyosimama.

Tulirudi nyumbani Mama amebeba ndeke. Kambo alikuwa bado kwenye ngazi, kikapu kimeshafungwa kamba. Alituona tunakuja watatu kwa mstari mmoja, macho mekundu, vumbi mpaka magotini, akasimama kwa hofu.

"Nini tena?" alisema.

"Mama," Mama alimwambia, "mutoto alikuwa na masikio ya papa yangu."

Kambo alimtazama binti yake, kisha akamtazama Papa, mkwewe ambaye yeye, tangu aje kwetu, alikuwa hajamuuliza kitu chochote juu ya mtoto. "Ya bwana yangu?"

"Ndiyo, Mama," Papa alisema. "Makubwa."

Sikuwahi kufikiri kwamba Kambo naye alikuwa amefiwa na mjukuu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa tena, akalia kilio cha kizee kisicho na sauti. Alipomaliza, alisukuma kikapu pembeni kwa mguu na kupangusa kwa kiganja sehemu ya ngazi iliyobaki wazi kando yake.

"Kaa hapa," alimwambia Papa. "Anza tena toka mwanzo."

Papa, mtu wa maneno machache, akakaa, akaanza.